Hawajui rede, hawajui kombolela: je, wanangu wamekosa utoto?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka minane na wa kike mitano. Tunaishi Goba, nyumba ina uzio na geti. Mimi nilikulia Temeke miaka ya 90, na kila nikikumbuka utoto wangu nakumbuka michezo: rede, kombolela, mdako, kuruka kamba mpaka adhana ya magharibi ndipo mama anaita. Wanangu hawaujui hata mmoja. Gari la shule linawapitia saa 11:30 alfajiri, wanarudi saa 11 jioni, wanafanya homuweki, wakimaliza wanataka simu. Ukiwanyima wanasema 'mama tumeboreka, hakuna cha kufanya'. Mwezi uliopita nilitafuta kokoto, nikachimba kishimo uani, nikakaa chini kuwafundisha mdako. Dakika kumi hazikuisha, wa kiume akaomba kwenda kuangalia katuni. Niliumia hadi nikalia. Wa kike ndiyo kabisa: hata akicheza peke yake anashika kandambili anaifanya simu, 'nimeshakutumia hela, angalia meseji'. Mama yangu akija anasema tunalea wazee wadogo. Nimesikia pia kwamba simu inaharibu ubongo wa mtoto. Niwanyang'anye kabisa? Nifungue geti watoke, pamoja na haya tunayoyasikia huko nje? Au ndiyo nimeshachelewa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya maelezo marefu nikujibu lile la mwisho: hujachelewa. Mwanao wa miaka minane bado ana miaka minne au mitano mizuri ya kucheza mbele yake, na huyu wa mitano ndiyo kwanza anaingia kwenye umri wa kucheza kikweli na wenzake.

Umeniuliza kuhusu simu, geti na michezo iliyopotea. Lakini kuna jambo la nne ambalo hukuliandika kama swali, nalo ndilo lililokuliza pale uani: unahisi ulikabidhiwa kitu na umeshindwa kukikabidhi. Tuanzie hapo.

Wewe rede ulifundishwa na nani? Fikiri vizuri. Sidhani kama ni mama. Mama kwenye kumbukumbu yako yupo mlangoni anaita magharibi, basi. Rede ulifundishwa na binti wa jirani aliyekuzidi miaka miwili mitatu, na pengine hata hakukufundisha. Alikuacha usimame pembeni uokote mpira ukitoka nje. Siku watu walipopungua akakuambia, "Haya, ingia, lakini usilie." Mimi nilikulia Morogoro, kota za reli, na mdako niliupata hivyohivyo. Dada mmoja wa nyumba ya tatu alinifanya niwe mwokota kokoto kwa muda mrefu kabla hajanipa zamu hata moja. Nilipopewa zamu, mikono ilikuwa imeshajua, kwa sababu macho yalikuwa yameangalia mno.

Michezo ya watoto ndivyo inavyosafiri. Huko Uingereza, mke na mume walioitwa Iona na Peter Opie walitumia miongo mingi kukusanya michezo ya mitaani na ya viwanja vya shule. Waliyoyapata yanafanana na ya kwetu: mtoto humpa mtoto. Leo ni mwanafunzi, baada ya miaka mitatu ni mwalimu, kisha anakua na kusahau. Mtu mzima hayumo kwenye mnyororo huo, na mara nyingi hajui hata kama upo. Hata wao, miaka ya 1950 na 1960, walikuwa wakiambiwa na wazee kwamba watoto wa siku hizi hawachezi tena. Maneno ya mama yako yana umri mrefu.

Kwa hiyo siku ile na zile kokoto hukushindwa kazi yako. Ulijaribu kufanya kazi ambayo haijawahi kuwa ya mama. Mwanao alikuona umekaa mbele yake na kitu cha kufundisha, naye anatoka shule saa 11 jioni. Alichokiona ni kipindi kingine cha darasani.

Mnyororo umekatika kati ya mtoto wa miaka kumi na mtoto wa miaka mitano. Shuleni kila mmoja yuko na umri wake tu, darasa moja, mstari mmoja, mwalimu juu yao. Kwenye gari la shule wamefungwa mikanda au wamelala. Nyumbani kuna geti. Watoto wetu wa "geti kali" wanaweza kufika miaka kumi bila kukaa saa moja na mtoto mkubwa kidogo asiyekuwa ndugu yao, bila mtu mzima katikati. Ukitaka kujua wamekosa nini, ni hicho. Jina la mchezo ni la baadaye.

Sasa nikuonyeshe kilichokuwa ndani ya rede, maana tukikijua tunaweza kukitafuta hata pasipo rede. Wawili wamesimama kwenye ncha mbili, wana mpira wa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara. Wa katikati ana chupa na mchanga. Anainama ajaze, mpira unakuja, anaruka, anarudi kwenye chupa, mkono mmoja unapakua mchanga na jicho moja liko kwa mrushaji. Ghafla:

"Umekupata!"

"Haujanipata, umegusa gauni tu!"

"Gauni nalo linahesabika!"

"Jana hatukuhesabu gauni!"

Mchezo umesimama. Hakuna refa, hakuna mwalimu, na jua linazama. Kila aliyepo anajua kwamba mkigombana sana mwenye mpira atauchukua aende kwao, na hapo mmekosa wote. Basi mtu mmoja anameza hasira. Mwingine anakuja na shauri: "Arudie, lakini gauni kuanzia leo linahesabika." Mnaendelea.

Dakika ile moja ina kazi kubwa kuliko kukimbia kote. Mtoto ameizuia hasira yake kwa hiari kwa sababu anataka kitu kiendelee. Amesoma uso wa mwenzake, akashiriki kutunga sheria. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, miaka ya 1930 aliwachunguza watoto wakicheza gololi na kuwauliza sheria zinatoka wapi. Wadogo walizichukulia kama kitu kitakatifu kisichobadilika. Wakubwa kidogo walijua kwamba sheria ni makubaliano, mkikubaliana wote inabadilika. Huo mpito ndio uliokuwa ukitokea pale Temeke kwenye ugomvi wa gauni. Mtu mzima akiwepo na kuamua kila ugomvi, mpito unachelewa, kwa sababu wanaacha kuzungumza wao kwa wao na wanakuja kushtaki.

Kombolela nayo ina jambo lake ambalo bado linanigusa mpaka leo. Waliokamatwa wamesimama pale wanasubiri, mtafutaji ameshawamaliza karibu wote, kisha kale kadogo kalikosahaulika nyuma ya pipa kanatoka mbio, kanapiga mpira teke na kupaza sauti, na wote wako huru. Neno lenyewe linanukia kukomboa. Mtoto wa miaka sita kawaokoa wa miaka kumi na moja, wanamshangilia. Ni wapi pengine ambapo mtoto wa umri huo anapata heshima ya namna hiyo?

Nikirudi kwa binti yako na kandambili yake: uliiandika habari hiyo kama malalamiko, na kwangu mimi ndiyo habari njema kuliko zote katika barua yako. Mtoto wa miaka mitano ameshika kiatu, anajua kabisa kwamba ni kiatu, na anakifanya simu. Anazungumza na mtu asiyekuwepo kuhusu hela isiyokuwepo. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki 1934, alilitilia mkazo sana jambo hili: mtoto anapofanya fimbo kuwa farasi, akili yake inajifunza kutenganisha kitu na maana yake. Uwezo huohuo ataukuta kwenye kusoma, pale mchoro mdogo kwenye karatasi unaposimama badala ya sauti. Alisema pia kwamba katika mchezo mtoto anakuwa kama mrefu kwa kichwa kimoja kuliko alivyo kwa kawaida. Msikilize binti yako akiwa na ile kandambili: anasubiri jibu, anakuwa na adabu, anahesabu.

Wewe utotoni ulicheza duka kwa majani ya mti yakiwa noti na vifuniko vya soda vikiwa sarafu. Mama yako huenda alibeba gunzi la mahindi mgongoni akiliita mwanangu. Kila kizazi kinacheza kile ambacho kinawaona wakubwa wakikifanya, na wakubwa wa leo wanatuma hela kwa simu. Mchezo ni uleule wa kibaba na kimama. Kesho akikuambia "nimeshakutumia, angalia meseji", chukua kandambili ya pili, itazame, umwambie "mbona haijaingia?" Utaona atakavyokujibu.

Kuhusu kumbukumbu, nikuombe uvumilie neno moja gumu. Kumbukumbu za utoto ni za kweli, lakini zimechaguliwa. Ya kabla ya miaka mitatu karibu yote yamefutika, na ya baadaye tunabaki na vilele: jioni ile nzuri, ushindi ule. Siku za kukaa barazani bila la kufanya hazikubaki. Pengine wewe mwenyewe uliruka kamba na mdogo wako akiwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, kwa sababu wasichana wengi ndivyo walivyocheza. Kaka zao waliendelea na chandimu hadi giza, wao waliitwa mapema wakachote maji na kuosha vyombo. Na kila mtaa ulikuwa na mtoto mmoja asiyechaguliwa na timu yoyote. Naye ana kumbukumbu za michezo, ila si kama zako.

Na lipo la usalama. Tunasema "enzi zetu mtaa mzima ulilea". Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa hapa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wakahojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24, yaani watu waliokuwa watoto katika miaka yako wewe. Karibu wasichana 3 kati ya kila 10 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Mtaa ulilea, ni kweli, lakini pia ulinyamazia mengi. Sikuambii haya ili nikutie hofu. Nakuambia ili ujue kwamba huna sababu ya kutamani kuirudisha miaka ya 90 kama ilivyokuwa. Unaweza kuchukua kilicho kizuri na kuacha ule ukimya.

Tuje kwenye simu. Kauli kwamba "inaharibu ubongo" ni kubwa kuliko ushahidi uliopo. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba watoto wanaokaa sana kwenye skrini wana shida zaidi za usingizi, uzito na utulivu, lakini ni vigumu kujua kipi kilitangulia: je, simu ilileta shida, au mtoto mwenye shida na mzazi aliyechoka ndio wanaoishia kwenye simu? Yaliyo wazi zaidi ni haya. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wake wa 2020 unaweka mkazo kwenye mwili: wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia na kuruka. Macho nayo yanahitaji mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, shule zilizowaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku zilipata, baada ya miaka mitatu, watoto wachache zaidi walioanza kutoona mbali: asilimia 30 hivi, wakati shule zisizoongeza zilikuwa na karibu asilimia 40.

Pia simu si kitu kimoja. Mwanao akijenga nyumba kwenye gemu pamoja na binamu yake, wakabishana mlango uwe wapi, pale kuna kitu cha rede. Akikaa anapitisha video fupi moja baada ya nyingine, hapo hakuna mwenzake, hakuna zamu, hakuna kungoja. Video inayofuata inajileta yenyewe kabla hajaulizwa anataka nini. Mtoto aliyezoea hivyo akiachwa uani na mchanga anaona kama dunia imezimwa. Anakuambia ameboreka, na ni kweli ameboreka. Lakini kuboreka ni mlango wa mchezo. Ukimwacha pale mlangoni nusu saa bila kumwokoa, ataanza kuokota vitu.

Hata hivyo, kwenye nyumba yako mimi sioni simu kuwa adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni ratiba. Hebu tuhesabu. Gari linafika saa 11:30 alfajiri, basi wanaamka kama saa 10:45. Hata wakilala saa 3 kamili usiku, wanapata saa saba na dakika 45 za usingizi. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 5, usingizi wa mchana ukiwemo. Binti yako anadaiwa zaidi ya saa mbili kila siku ya shule. Mtoto aliyechoka kiasi hicho hawezi kubuni mchezo jioni, maana kubuni kunataka nguvu. Atataka kitu kisichomdai chochote, nacho kiko mfukoni mwako.

Kwa hiyo kunyang'anya simu kabisa, bila kugusa kingine, sikushauri. Utabaki na watoto waliochoka, wasio na wenzao, na sasa wana hasira. Anza na usingizi: kwa siku za shule simu izimwe saa moja kabla ya kulala, na muda wa kulala usogee taratibu kuelekea saa 2 usiku, wa kike hata kabla ya hapo. Ukipata nafasi ya kuzungumza na shule kuhusu zamu ya gari, au ya kuhamia shule ya karibu mwaka ujao, ipe uzito kama unavyoupa ufaulu wa mitihani. Jumatatu hadi Ijumaa usijidai mengine. Tafuta mchezo wikendi na likizo. Na kama Jumamosi kuna tuisheni kwa mtoto wa miaka minane, mimi ningeiondoa.

Sehemu za kulipia, zile zenye bembea na majumba ya kuruka yaliyojazwa upepo, ni nzuri kwa mwili na hazina ubaya. Timu yenye kocha ni nzuri pia. Lakini kwa kocha sheria zimeshatungwa na filimbi ni yake. Kwenye bembea za kulipia watoto ni wageni kwa wageni, baada ya saa mbili hawaonani tena. Ugomvi wa gauni hautokei, na ukitokea mtu mzima anakimbilia.

Ninachokushauri ni kidogo na kinachosha mwanzoni. Tafuta nyumba mbili tatu za jirani zenye watoto wa umri tofauti, na hakikisha yupo angalau mmoja wa miaka kumi au kumi na mbili. Huyo ndiye mwalimu uliyekuwa unamtafuta. Ongea na wazazi wao ana kwa ana, mkubaliane Jumamosi saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kwa zamu, leo kwako wiki ijayo kwa mwenzako, au mwisho wa kichochoro ambako bodaboda hazipiti. Sisemi warudi kwenye uwazi kama wa kwenu Temeke. Dar es Salaam ya sensa ya 1988 ilikuwa na watu milioni 1.36, na ya sensa ya 2022 ina milioni 5.38. Pale mlipochezea rede leo pengine pamesimama fremu za maduka. Uwanja wa kizazi hiki itabidi upatikane kwa makubaliano.

Mtu mzima mmoja awepo, lakini awe na kazi yake mkononi: anachambua mchele, anasuka, anafua. Awaone, asiwaongoze. Simu zote ziwe ndani, na yake pia. Uani paachwe vitu visivyo na kazi maalumu: mchanga, madumu matupu, tairi kuukuu, kamba, maboksi, kanga iliyochakaa. Jumamosi ya kwanza itakuwa mbaya, nakuambia mapema. Watakuja kushtaki kila dakika tano, mmoja atalia, mmoja atadai simu. Jibu moja linatosha: "Mtaelewana tu," kisha urudi kwenye mchele wako. Utaingilia pakiwa na damu, mawe, au wengi wanamwandama mmoja. Goti kuchubuka ni sehemu ya mchezo. Kisima, barabara, waya wa umeme na paa si sehemu ya mchezo, na hapo usione haya kukataza.

Kuhusu hofu yako ya geti: wacheze kundini, mahali panapoonekana. Sheria ya nyumba iwe moja na isibadilike: hakuna kuingia ndani kwa mtu yeyote, hata akiwa mjomba, bila kurudi kwanza kuaga. Wafundishe majina ya viungo vyote vya mwili bila aibu, na uwaambie kwamba mtu akiwaambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama kwanza.

Na kwa kuwa wataanza kucheza na wengine, siku moja utawakuta kwenye baba na mama, wamelala chini ya kanga. Wazazi wengi hapo hukimbilia fimbo. Udadisi wa mwili kati ya watoto wa umri mmoja, bila kulazimishana, ni wa kawaida. Waite kwa upole, wape kazi nyingine, na jioni uzungumze nao. La kukushtua ni tofauti kubwa ya umri, vitisho, siri, au mtoto kujua mambo ambayo umri wake hauwezi kuyajua. Hapo usimpige wala usimhoji kama askari. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Yapo mengine ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mtoto wa miaka miwili hadi mitatu asiyegeuka akiitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole, asiyeigiza chochote katika mchezo, au aliyekuwa na maneno yakapotea, apelekwe kliniki ya mtoto au kwa daktari wa watoto mapema, bila kusubiri "ataongea tu". Na asilaumiwe mama kwamba alimpa simu. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa akicheza akaacha ghafla kwa wiki kadhaa, hali chakula vizuri, anaamka akilia usiku, au anarudia mchezo uleule wa kutisha baada ya msiba au ajali. Wanao, kwa ulivyowaeleza, sioni dalili hizo. Naona watoto waliochoka na wapweke kidogo.

Mama yako ungemwambia nini? Usimbishie. Mwombe akija Disemba akae pale uani acheze mdako mwenyewe, kwa raha yake, bila kumwita mtoto. Kipo kitu cha kumfurahisha ukimsimulia: mwaka 1560 mchoraji Pieter Bruegel alichora uwanja wa mji uliojaa watoto wanaocheza, michezo zaidi ya 80 ndani ya picha moja. Chini kwenye kona ya kushoto wamekaa wanawake wawili wanarusha vifupa vidogo na kuvidaka. Hawamfundishi mtu.

Kile kishimo usikifukie. Kokoto ziache palepale. Jumamosi mwanao wa miaka minane akiwa na yule mkubwa wa jirani, mmoja wao atakanyaga pale na kuuliza "hii nini?" Wewe utakuwa jikoni. Mwache mwanao ajibu, hata akikosea sheria zote.